Moyo Usiotulia: Imani, Kutoamini na Utulivu wa Nafsi kutoka Al-Inkishafi hadi Mzingile

Kifo cha Kazimoto katika Kichwamaji (1974), riwaya ya Euphrase Kezilahabi, kimekwisha kupatiwa jawabu ambalo limezoeleka mno katika madarasa ya fasihi: kijana huyu msomi alijiua kwa sababu hakuwa na Mungu. Jawabu hili lina mvuto wake. Ni fupi, linaafikiana na mahubiri ya Ijumaa na ya Jumapili, tena linamwachia mwalimu nafasi ya kutoa nasaha kabla kengele haijalia. Hata hivyo, linajengwa juu ya madai mawili ambayo aghalabu hayahojiwi: kwamba imani humletea mtu utulivu wa nafsi, na kwamba kutoamini humwondolea utulivu huo. Mhakiki anayeipitia fasihi ya Kiswahili kwa mfuatano wa nyakati ataona kwamba watunzi wake wakubwa hawakuwahi kulieleza jambo hili kwa wepesi wa namna hiyo.

Makala haya yanaifuatilia historia ya suala hilo kutoka utenzi wa Al-Inkishafi, kupitia Shaaban Robert, hadi riwaya za Kezilahabi. Haja ya kufanya hivyo si ya kinadharia tu. Miongoni mwa vijana wanaosoma Kichwamaji wamo wenye mashaka yao wenyewe, wasiothubutu kuyatamka nyumbani. Kijana wa aina hiyo akiambiwa kwamba Kazimoto alikufa kwa sababu alishuku, atafahamu kuwa shaka yake ina njia moja tu ya kwendea. Kusoma vibaya hapa kunaweza kumdhuru mtu.

Msamiati wa imani

Lugha yenyewe imechangia sehemu ya utata. Maneno imani na amani yanatoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu, wenye maana ya kuwa salama na kuondokewa na hofu. Mzizi huohuo umezaa amana na amini. Hivyo basi, Mswahili asemapo kwamba mwenye imani ana amani, sikio lake linasadiki kabla akili haijauliza, kwa kuwa maneno yenyewe ni ndugu. Tena Kiswahili kimelipa neno imani maana nyingine, ile ya huruma: mtu asiye na imani ni yule anayeweza kumtazama mwenzake akiteseka asishtuke. Maana hii ya pili haina budi kukumbukwa, maana itarejea.

Kwa upande wa kutoamini, msamiati ni haba. Kafiri, kwa matumizi ya mwambao, amekuwa zaidi mtu wa dini nyingine au asiye Mwislamu kuliko mtu asemaye kwamba Mungu hayupo. Mlahidi ni neno la wanazuoni, na halikuingia sokoni. Mkanamungu lina tatizo lake, kwa kuwa kukana ni kukataa kitu ambacho mtu anadhaniwa kukijua, kama mwana anavyomkana babaye. Neno hili halimwelezi mtu ambaye ametafuta asione. Si ajabu, basi, kwamba mtu kama huyo alichelewa kuingia katika fasihi ya Kiswahili. Lugha haikuwa imemwandalia jina.

Pate: hofu ya muumini

Al-Inkishafi ni utungo wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, na inaaminiwa kuwa ulitungwa mwanzoni mwa karne ya 19. Ni beti zisizozidi 80, kila ubeti ukiwa na mishororo minne ya mizani kumi. Ulijulikana zaidi nje ya mwambao baada ya William Hichens kuuchapisha London mwaka 1939, na James de Vere Allen akautoa upya mwaka 1977. Jina lake lina maana ya kufunuliwa, yaani pazia kuondolewa ili kilichofichika kionekane.

Kinachofunuliwa hasa ni nini? Wahakiki wengi wameelekeza macho yao kwenye magofu. Pate, iliyokuwa dola yenye nguvu chini ya Wanabahani na yenye kufanya biashara na nchi za ng'ambo ya bahari, ilikuwa imedhoofishwa na vita vya ndani na vya majirani, na kushindwa kwake huko Shela mnamo 1812, iliposhirikiana na Wamazrui wa Mombasa dhidi ya Lamu, kulikuwa pigo jingine. Mtunzi anaingia katika majumba yaliyokuwa yakiwaka taa na kujaa wageni, akakuta popo. Zile zidaka zilizopangwa vyombo vya kauri zimekuwa viota vya makinda ya ndege. Taswira hizi ni za kweli kihistoria, na anayezuru magofu ya Pate hata leo ataziona kuta zenye zidaka hizo. Ndiyo maana utungo umesomwa kama kumbukumbu ya dola iliyoanguka.

Usomaji huo ni sahihi lakini haujatosha. Nafsineni haisemi na Pate, inasema na moyo wake. Inaukemea na kuushangaa kwa jinsi unavyong'ang'ania dunia ambayo si kitu ila mangati jangwani, au bahari iliyojaa matumbawe ambayo kila aiabiriye hupata hasara. Magofu yameletwa kama ushahidi mbele ya moyo uliokataa kusadiki. Jambo linalopaswa kutuzuia hapa ni kwamba moyo huu si wa asiyeamini. Utungo unaanza kwa jina la Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume kama ilivyo ada, na hakuna ubeti hata mmoja unaotilia shaka kuwepo kwake Mola. Imani imo tele; utulivu haumo. Kwa hakika, sehemu kubwa ya msukosuko wa nafsi hii inatokana na imani hiyohiyo. Asiyeamini Jahanamu hawezi kukosa usingizi kwa sababu yake.

Mapokeo ya kisufi, ambayo Masharifu wa pwani waliyafahamu, yana namna ya kulieleza jambo hili. Nafsi ya mwanadamu hupitia daraja: kuna nafsi inayoamrisha maovu, kuna inayojilaumu, na kuna iliyotulia. Al-Inkishafi ni sauti ya nafsi inayojilaumu, tangu mwanzo hadi mwisho. Katika matini tuliyo nayo, beti za mwisho zinahusu moto na tabaka zake, na baadhi ya wasomi wamedhani kwamba mtunzi hakuukamilisha utungo wake. Iwe alikusudia kuendelea au hakukusudia, fasihi ya Kiswahili ilirithi utungo wake mkuu wa dini ukiwa umekomea motoni, kabla ya nafsi kufika kwenye daraja ya kutulia. Msomaji wa kidini anayeutaja utungo huu kama ushahidi kwamba imani hutuliza moyo atakuwa amesoma beti ambazo hazikuandikwa.

Hali hii haikuwa ya Pate pekee. Al-Ghazali, ambaye vitabu vyake vilisomwa katika vyuo vya Waislamu kila pembe, alisimulia katika kitabu chake juu ya kuokoka na upotovu jinsi alivyowahi kushindwa kuamini hata ushahidi wa hisia zake na wa akili yake. Tena mwaka 1095, akiwa mwalimu mashuhuri wa Baghdad, ulimi ulimfunga asiweze kufundisha na chakula kikamshinda. Tabibu waliona ugonjwa umeanzia moyoni. Akaacha cheo, akaondoka mjini. Huyu ndiye aliyepewa lakabu ya Hoja ya Uislamu. Pengine ni kwa sababu aliijua shaka kwa ndani, kuliko waliomlaumu, ndipo maneno yake juu ya yakini yakawa na uzito.

Kando ya Sayyid Abdalla yafaa kumweka Mwana Kupona, aliyetunga utenzi wake mwaka 1858 akiwa mgonjwa, kwa ajili ya binti yake. Dini inakuja kwanza katika wasia wake, lakini dini hiyo ni utaratibu wa nyumba, wa heshima, usafi na maneno ya kupimwa. Mama huyu anakikabili kifo kwa sauti isiyotetemeka. Tofauti kati ya sauti hizi mbili za dini moja, mwambao mmoja na karibu zama moja inatosha kuonyesha kwamba utulivu wa nafsi haupimwi kwa wingi wa imani. Mwana Kupona ana mtu wa kumwachia neno. Hilo nalo tutalirudia.

Shaaban Robert: kusadiki na kufikiri

Tunapomfikia Shaaban Robert (1909–1962) dunia imebadilika. Tanga ya utoto wake ilikuwa chini ya Wajerumani, kisha ikawa ya Waingereza. Msikiti na kanisa vimekuwa majirani, na karani Mwislamu anafanya kazi chini ya bwana Mkristo. Katika mazingira haya Shaaban Robert hakuandika utungo wa kuogofya wa aina ya Al-Inkishafi. Kwake, swali la utulivu lilihama kutoka kwenye hatima ya roho likaenda kwenye mwenendo wa mtu kati ya watu.

Majina mawili ya nchi alizozibuni yanastahili kutazamwa pamoja: Kusadikika na Kufikirika. Moja limeundwa kwa kusadiki, jingine kwa kufikiri. Kusadikika (1951) ni nchi inayoelea hewani, na raia wake wanaamini kwamba hakuna la kujifunza nje ya mipaka yao. Wajumbe waliotumwa mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini walirudi na habari za manufaa, na kila mmoja aliadhibiwa. Kwa hiyo, katika mikono ya Mwislamu mcha Mungu, neno la kusadiki limegeuzwa kuwa jina la nchi ya wenye vichwa vigumu. Hii ni kejeli ambayo wahakiki wameisoma zaidi kisiasa, kama shutuma kwa ukoloni, na ni kweli kwamba ni hivyo. Lakini pia ni onyo kuhusu imani inayoogopa kuulizwa.

Ndani ya nchi hiyo yumo Karama, mshtakiwa anayekabiliwa na adhabu ya kifo kwa kosa la kufundisha sheria. Mahakama nzima imefadhaika, na yeye anasimulia habari za wajumbe siku baada ya siku kwa mpango na subira. Utulivu wake unatoka wapi? Haukuelezwa kuwa ni malipo ya sala. Karama ametulia kwa sababu anajua kwamba anachokisema ni kweli na kwamba kina faida kwa wengine, hata kwa wale wanaotaka kumwua. Vivyo hivyo Utubora, katika Utubora Mkulima (iliyochapishwa 1968, baada ya kifo cha mwandishi), anaiacha kazi ya mjini yenye mshahara mzuri akaenda kushika jembe, na amani yake inakuja kwa jasho na ujirani. Dini ipo katika kazi hizi zote, haijakataliwa mahali popote. Ila imani imesogea karibu na ile maana ya pili ya Kiswahili, ya huruma. Mtu aliye na imani kwa wenzake hupata amani.

Huenda ikasemwa kwamba Shaaban Robert alilirahisisha suala. Lawama hiyo ina ukweli. Wahusika wake wema hawaonekani kupitia usiku wowote wa mashaka. Wanazaliwa na majina yao, nao wanatimiza majina hayo hadi mwisho. Aliyekuwa na usiku kama huo ni mwandishi mwenyewe, na athari zake zinaonekana pale alipomlilia mkewe Amina. Lakini hata hapo kilio kinaelekezwa kwa mtu na kinapokewa na dua. Alipotaka kuzungumza juu ya maisha na mauti aliwatungia watoto wake tenzi, Adili kwa mwanawe wa kiume na Hati kwa binti, kama alivyofanya Mwana Kupona karibu miaka mia moja kabla yake.

Seminari, chuo kikuu na Kazimoto

Euphrase Kezilahabi alizaliwa mwaka 1944 katika kisiwa cha Ukerewe, akasoma seminari ya Nyegezi, kisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Hakuendelea hadi upadri. Huenda hakuna mwandishi wa Kiswahili aliyeingia katika riwaya akiwa amefundishwa teolojia kwa utaratibu kama yeye. Jambo ambalo halikumbukwi sana ni kwamba tasnifu yake ya uzamili, katika miaka ileile ya riwaya zake za mwanzo, ilimhusu Shaaban Robert kama mwandishi wa riwaya. Alikuwa akimsoma Karama kwa jicho la mhakiki huku akimwandika Kazimoto.

Mazingira ya mawazo ya wakati huo yalikuwa na moto wake. Mwaka 1969 John Mbiti, mwana wa Kitui aliyekuwa akifundisha Makerere, alichapisha kitabu chake juu ya dini na falsafa za Kiafrika, akidai kwamba dini imeenea katika kila sehemu ya maisha ya Mwafrika kiasi kwamba katika jamii ya jadi hakuna nafasi ya mtu asiye na dini. Okot p'Bitek alimjibu kwa ukali mwaka uliofuatia. Kwa maoni yake, Mbiti na wenzake walikuwa wameivisha miungu ya Kiafrika majoho ya Kigiriki ili ifanane na Mungu wa wamisionari. Mjadala huu wa Makerere na Nairobi ulikuwa na maana kubwa kwa fasihi. Ikiwa Mbiti alisema kweli, basi Kazimoto hawezi kuwepo, au akiwepo hawezi kuwa Mwafrika kamili. Ni mgonjwa wa elimu ya kigeni. Jawabu la darasani tuliloanza nalo linatokana, pasi na wenyewe kujua, na dhana hiyo.

Hebu basi tutazame riwaya zenyewe kwa mfuatano wake, badala ya kuitenga Kichwamaji. Katika Rosa Mistika (1971), ambayo ilipigwa marufuku shuleni nchini Tanzania kwa muda, kuna msichana aliyepewa jina la sifa ya Bikira Maria. Baba yake Zakaria, mlevi, anamlinda kwa kiboko; barua moja tu ya mvulana inamletea kipigo. Rosa hakulelewa nje ya dini. Hakuwa mwanafalsafa wa kumkana Mungu wala hakusoma kitabu chochote cha Ulaya kilichomharibu. Naye anajiua. Katika Dunia Uwanja wa Fujo (1975), Tumaini anayapoteza mali ya urithi, anageuka kuwa mkulima tajiri, serikali inalitwaa shamba lake wakati wa Ujamaa, anamwua kiongozi wa wilaya na kunyongwa. Riwaya tatu katika miaka mitano, vifo vitatu vya wahusika wakuu, na ni mmoja tu kati yao anayeweza kuitwa mtu aliyesumbuliwa na swali la kuwepo kwa Mungu. Ikiwa kutoamini ndiko kulikomwua Kazimoto, ni nini kilichomwua Rosa?

Turudi kwa Kazimoto. Anarudi kijijini likizoni kutoka chuo kikuu akiwa na shaka juu ya Mungu, juu ya maana ya kuzaliwa, na juu ya wazazi ambao hana tena lugha ya kuzungumza nao. Haya yote ni kweli. Lakini riwaya imemrundikia mambo mengine ambayo jawabu la darasani huyapita haraka. Dada yake Rukia alipewa mimba na Manase, kijana wa palepale aliyepanda cheo hadi kuwa Mkuu wa Wilaya, na Rukia akafa. Mama yao naye akafuata. Kazimoto anapanga kisasi kwa kumtumia Sabina, dada wa Manase, na mpango huo unaishia katika ndoa. Halafu yapo maradhi ya zinaa, na uzazi wa mtoto mwenye kasoro ya kichwa, jambo ambalo ndilo limeipa riwaya jina lake. Mtu huyu amebeba mauti mawili ya nyumbani, kisasi kilichomrudia, ugonjwa na mtoto. Muumini yeyote angeyumba. Ayubu mwenyewe, ambaye vitabu vitakatifu vinamsifu kwa subira, katika kitabu cha Biblia anailaani siku aliyozaliwa.

Tofauti kati ya Kazimoto na nafsineni ya Pate haipo katika kiasi cha msukosuko, kwa kuwa msukosuko wa Pate ni mkubwa vilevile. Ipo katika nani anayeambiwa. Sayyid Abdalla aliutunga utungo wa kughaniwa. Moyo anaoukemea ni wake, lakini beti ziliposomwa kwa sauti kila msikilizaji alijua kwamba ni moyo wake pia unaokemewa. Hofu ya mmoja ilipokewa na wengi, ikawa ibada. Mwana Kupona alikuwa na bintiye. Karama alikuwa na mahakama, na hata mahakama ya dhalimu ni masikio. Kazimoto ana nafsi ya kwanza ya riwaya ya kuchapishwa, 'mimi' anayesimulia katika kitabu kinachosomwa kimya na mtu aliye peke yake. Anazungumza na wenzake wasomi, ndiyo, lakini mazungumzo hayo ni mabishano ambayo kila mmoja anayatoka jinsi alivyoyaingia. Wazee anawaheshimu kwa ishara tu. Manase, ambaye kwa elimu na asili wangekuwa ndugu, ndiye adui.

Hapa ndipo mageuzi ya fani na mageuzi ya imani yanapokutana. Kilichopotea kati ya 1810 na 1974 si Mungu peke yake. Umepotea pia mkusanyiko wa watu ambao mbele yao mtu angeweza kusema 'moyo wangu umenishinda' asionekane mwendawazimu. Seminari ilikuwa na kitubio, chuo kikuu hakina. Zaidi ya hayo, Azimio la Arusha la 1967 lilikuwa limeahidi undugu mpya, na riwaya za Kezilahabi ni miongoni mwa kazi za awali zilizothubutu kuonyesha kwamba undugu uliotangazwa kwa azimio haukumfikia kila mtu ndani.

Suala la kuazima

Wapo wanaodai kwamba Kazimoto ni nakala ya wahusika wa Sartre na Camus, na kwamba udhanaishi ni vazi la kuazima. Kwamba Kezilahabi aliwasoma hakuna haja ya kubisha. Lakini anayedai hivyo na amsome Camus hadi mwisho. Insha yake ya 1942 juu ya Sisyphe inaanza na swali la kujiua, na inamaliza kwa kulikataa: mwanadamu na aendelee kulisukuma jiwe lake akijua litaporomoka. Kazimoto angekuwa mwanafunzi mtiifu wa Camus, angeishi. Alichokichukua Kezilahabi ni swali. Jawabu, ambalo kwa Camus ni aina fulani ya furaha ya ukaidi, hakumpa mhusika wake. Huenda aliona kwamba furaha ya mtu mmoja mbele ya ulimwengu mtupu haimfai kijana wa Ukerewe aliyezikwa ndugu zake mbele ya macho yake, na ambaye hata ukaidi wake unahitaji mtu wa kuuona.

Wala si haki kusema kwamba shaka ililetwa na meli. Moyo unaobishana na mwenyewe ulikuwa ukighaniwa Pate kabla ya Nietzsche kuzaliwa.

Baada ya Kichwamaji

Kezilahabi hakuishia hapo. Baada ya Gamba la Nyoka (1979) alikwenda Wisconsin kwa uzamifu, akaumaliza mwaka 1985, na riwaya mbili fupi zilizofuata, Nagona (1990) na Mzingile (1991), ziliwashangaza wasomaji. Hakuna tena kijiji chenye jina wala Mkuu wa Wilaya. Katika Nagona msimulizi anapita katika mji wa kimya na kukutana na majina makubwa ya fikra za Ulaya, Plato na wenzake hadi Nietzsche, Marx na Freud, wakiwa kana kwamba wamewekwa akiba. K. W. Wamitila, katika makala yake ya 1991 juu ya metafizikia ya riwaya hizi, aliwahimiza wasomaji wazichukulie kama tafakuri ya kifalsafa na si kama visa vilivyovurugika. Wasomaji wengine bado wanaziona ngumu, na hawana makosa, ni ngumu.

Kwa historia inayofuatiliwa hapa, Mzingile ina uzito wa pekee. Mtu anatumwa kumpelekea mzee mmoja, aishiye mbali na watu, habari ya kifo cha mwanawe. Wahakiki wengi wanakubaliana kwamba mzee huyo ni taswira ya Mungu. Tuilinganishe safari hii na ile ya wajumbe wa Kusadikika. Kwa Shaaban Robert, mjumbe alikwenda mbinguni kuleta habari kwa ajili ya watu. Kwa Kezilahabi mwelekeo umegeuzwa: watu ndio wenye habari, na habari yenyewe ni msiba. Mzee hana la kuwapa. Wao ndio wanaompelekea.

Usomaji wa pupa utasema kwamba hapa ukanamungu umefika kileleni. Lakini msiba hupelekwa kwa mtu ambaye bado yu ndugu. Katika mila za jamii zetu nyingi, kutompelekea mtu habari ya kifo ni kumwambia kwamba ametoka katika ukoo. Katika Kichwamaji, Kazimoto alikuwa na misiba mingi na hakuwa na mahali pa kuipeleka. Katika Mzingile msiba una mjumbe na njia, na mwisho wa njia mna kibanda chenye mtu ndani, hata kama mtu huyo amechoka na hasemi la kufariji. Mwandishi aliyefariki dunia Januari 2020 hakuwahi kuiandika riwaya ya kutubu ambayo baadhi ya wasomaji wake waliitamani. Hata hivyo, ile nafsi ya kwanza aliyoiacha ikiwa peke yake mwaka 1974, baada ya miaka 17 alikuwa ameipa safari na neno la kufikisha. Iwapo mzee wa mlimani alilisikia neno hilo inavyopasa ni swali ambalo Mzingile inalibeba hadi ukurasa wake wa mwisho, na mwalimu anayelifikisha darasani hana sababu ya kumjibia.